TAARIFA KWA WANANCHI: Kutambua Habari za Uongo Kuhusu Uchaguzi

Wananchi na watumishi wa umma wa Kata ya Iyula, Wilaya ya Mbozi, wanafahamishwa kwamba habari ya uongo kuhusu uchaguzi haiji siku zote kwa sura ya uongo. Mara nyingi huwa na nusu ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana hupita kwa wepesi kutoka mashine ya kusaga hadi kijiwe cha bodaboda, na kutoka hapo hadi kwenye simu za mkononi.

Mfano ulio karibu ni wa mwaka 2024. Mwezi Julai mwaka huo Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilianza kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Baadaye, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, Ofisi ya Rais-TAMISEMI iliandikisha wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa uliofanyika tarehe 27 Novemba 2024. Uandikishaji huo ulikuwa mwingine kabisa, wenye orodha yake. Mwenye kadi ya mpiga kura aliyeambiwa kuwa kadi yake yatosha, akabaki shambani siku zote kumi, alijikosesha haki ya kumchagua Mwenyekiti wa Kijiji na wa Kitongoji, ingawa kadi yake ilikuwa halali. Huenda aliyemwambia hakukusudia kumdanganya; hasara ni ile ile.

Kwa hiyo, swali la kwanza la kumwuliza mleta habari ni hili: uchaguzi upi? Swali la pili: nani ametangaza? Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani husimamiwa na Tume. Ule wa vijiji, vitongoji na mitaa wa mwaka 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI. Tangazo la kweli hutaja ofisi iliyolitoa, cheo cha aliyelitia saini na tarehe, nalo huweza kuonekana kwenye mbao za matangazo. Ujumbe usemao "tumeambiwa" haumtaji mtu yeyote.

Tahadhari hiyo isiwafanye watu wakatae kila jambo la ghafla. Mwaka 2005 Uchaguzi Mkuu wa Muungano, uliopangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba, uliahirishwa siku chache tu kabla ya kura kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa urais wa CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe. Kura zilipigwa tarehe 14 Desemba. Zanzibar, hata hivyo, ilipiga kura zake yenyewe tarehe 30 Oktoba kama ilivyopangwa. Aliyesema uchaguzi umeahirishwa alisema kweli, na aliyesema haukuahirishwa naye alikuwa na lake la kusema. Hakukuwa na njia ya kuwapatanisha ila kusoma tangazo lenyewe.

Kwa kuwa Tunduma ni mpakani, habari za Zambia nazo huvuka. Huko mgombea urais hutakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura, la sivyo huwa na duru ya pili. Tanzania iliachana na sharti hilo kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi. Uvumi wa duru ya pili hauna msingi hapa.

Picha na sauti navyo si ushahidi wa kutosha. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilisambazwa video za kughushi zilizobeba alama za BBC na CNN, na mashirika hayo yakazikana. Anayetilia shaka habari ya redio na aisikilize redio yenyewe, si kipande alichotumiwa.

Shida huzidi njia za kuhakikisha zinapofungwa. Kuanzia siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo uvumi hauna wa kuukanusha, na karatasi iliyobandikwa mlangoni huwa na thamani kubwa kuliko kawaida.

Hapo ndipo wajibu wa watumishi unapoonekana. Maafisa Watendaji wa Vijiji wanakumbushwa kubandika matangazo mara yanapowafikia na kuyaondoa yaliyopitwa na wakati. Tangazo la zamani lililoachwa ukutani hupotosha sawasawa na uzushi. Wazee wasiosoma wasomewe.

Wanaosambaza habari wakumbuke pia kwamba kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha habari akijua kuwa ni za uongo.

Siku ya Uchaguzi Mkuu, vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Aliyekwisha kuwa katika mstari ifikapo saa 10:00 huruhusiwa kupiga kura. Anayemwambia arudi nyumbani asisikilizwe. Uandikishaji hautozwi ada. Mwenye mashaka afike kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, na lisipopatikana jibu huko, Halmashauri ya Wilaya, Vwawa.