Mhitimu wa chuo anapaswa aweze nini?

MOSHI ni mji wa vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kuna VETA, kuna vyuo vya afya jirani na Hospitali ya KCMC, na anayepanda mlima hukikuta Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka. Mzazi anayetafuta nafasi kwa ajili ya mwanawe huuliza ada, sifa za kujiunga na muda wa kozi. Ni nadra kuuliza jambo lililo zito kuliko hayo: kijana huyo, awe amesomea uhasibu, umeme au uhifadhi, atakuwa anaweza kufanya nini siku atakapoondoka?

Jibu la swali hilo ndilo wataalamu wa elimu wanaloliita matokeo ya kujifunza ya chuo kizima. Si muhtasari wa somo, wala si kaulimbiu ya kwenye lango. Ni maelezo mafupi ya uwezo ambao kila mhitimu lazima auoneshe, bila kujali idara aliyotoka, na ambao mtu mwingine anaweza kuushuhudia na kuupima.

Tofauti iko kwenye kitenzi. Mtaala ukisema kwamba mwanachuo "ataelewa misingi ya uhasibu", hakuna wa kuthibitisha wala wa kukanusha. Ukisema kwamba "ataandaa mizania ya chama cha msingi kutoka kwenye leja na stakabadhi", mkufunzi anajua ampe kazi gani, na mwajiri anajua atarajie nini.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1956 Mmarekani Benjamin Bloom na wenzake walichapisha mpangilio wa ngazi za malengo ya elimu ambao walimu wengi wanaukumbuka tangu mafunzoni. Mwaka 1973 Chuo cha Alverno, Milwaukee, kilijenga masomo yake yote juu ya uwezo nane, ukiwamo wa mawasiliano, uchambuzi na utatuzi wa matatizo. Mwaka 2002 chombo cha ithibati cha vyuo vya jamii vya California kilivitaka vyuo hivyo vitaje matokeo ya kujifunza na kuyapima.

Kwa Tanzania, njia kuu imekuwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 na ambalo sasa, baada ya majukumu yake kupanuliwa, linajulikana kama NACTVET. Mfumo wake wa tuzo huainisha uwezo kwa ngazi. Mhitimu wa ngazi ya 4 hutarajiwa kutumia ujuzi katika kazi za kawaida zinazojirudia. Wa ngazi ya 6, yaani stashahada, hutarajiwa kumudu kazi nyingi ambazo si za kawaida. Chini ya kila ngazi kuna matokeo makuu ya programu, na chini yake matokeo madogo hadi kufikia kazi mojamoja.

Mfumo huo umeviwekea vyuo nidhamu. Hata hivyo, unaanzia kwenye programu. Uwezo unaopaswa kuwa wa wote, kama kuandika, kuzungumza, kutumia takwimu na kuamua kwa uadilifu, mara nyingi huishia kwenye moduli za msingi: stadi za mawasiliano muhula wa kwanza, kompyuta muhula wa pili, na mambo yamekwisha.

Hapo ndipo penye tatizo, na mteremko wa Kilimanjaro unalionesha vizuri. Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Miaka 30 baadaye, mwaka 1963, Chuo cha Ushirika kikaanzishwa, kwa kuwa vyama vilihitaji watu wa kutunza hesabu na kuongoza mikutano. Chuo hicho kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004, na muongo mmoja baadaye kikawa chuo kikuu kamili.

Mtu achukue mfano wa katibu wa chama cha msingi. Leja yake imesawazika hadi senti ya mwisho. Wanachama wamekusanyika, na mzee mmoja mwenye kihamba anauliza kwa nini malipo ya pili ya kahawa ni madogo kuliko alivyotarajia. Katibu anapaswa kueleza makato ya mkopo wa pembejeo, usafirishaji na ukoboaji, na bei ya mnadani, kwa Kiswahili kinachoeleweka, pengine na Kichagga kidogo. Yeye amefundishwa hayo yote kwa Kiingereza. Akishindwa kueleza, wanachama wataamini wameibiwa, na mwakani kahawa itauzwa kwa mlanguzi. Je, uwezo huo ulifundishwa na nani, na ulipimwa katika mtihani upi?

Afisa wanyamapori yumo katika hali hiyo hiyo. Tembo wanapoingia mashambani, kama inavyotokea Rombo na Same, kujua tabia za mnyama ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa na wanakijiji waliopoteza mahindi.

Chuo kinachotaka kulitatua jambo hili huanza kwa kuwaita wakufunzi wa idara zote, waajiri na wahitimu wa zamani, na kuandika matokeo machache, matano au sita. Orodha ya 20 haisomwi na mtu. Kisha huchorwa jedwali: kozi upande mmoja, matokeo upande wa pili, na kila kisanduku kinaonesha kama uwezo huo unaanzishwa, unazoezwa au unapimwa. Safu zilizobaki tupu husema zaidi ya hotuba ya mkuu wa chuo. Mara nyingi hugundulika kwamba kila idara ilidhani idara nyingine ndiyo inayofundisha.

Hatua ngumu zaidi ni ushahidi. Wanachuo wa mwaka wa mwisho hupewa kazi yenye sura moja, mathalani kueleza hesabu kwa watu wasio wataalamu, na kazi zao husahihishwa na wakufunzi wa idara nyingine kwa vigezo vilivyokubaliwa mapema. Uadilifu nao, ambao wengi husema haupimiki, unaweza kupewa mfano: mzani wa kununulia kahawa umegundulika kupunja gramu kadhaa kila kilo, mwanachuo aandike atafanya nini, atamwambia nani, na kwa nini. Jibu lake halithibitishi kwamba hataiba, lakini linaonesha kama anaujua wajibu wake.

Wakufunzi wengi hulalamika, na hawakosi sababu. Mwenye darasa kubwa hana saa za kusikiliza kila mwanachuo akizungumza. Wapo pia wanaohofia kwamba zoezi zima litakuwa makaratasi ya kumridhisha mkaguzi, na hofu hiyo ina msingi pale chuo kinapoandika matokeo wiki moja kabla ya ukaguzi.

Inafaa kukumbuka Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, ambavyo kwa Kilimanjaro ni pamoja na Msinga. Mwanzoni havikujengwa juu ya mitihani na vyeti. Mwanafunzi alitoka kijijini, akasoma kwa Kiswahili, akarudi kijijini, na kipimo kikawa mfereji uliozibuliwa, ng'ombe aliyetunzwa au mkutano ulioendeshwa. Baadaye soko la ajira lilidai vyeti, na kozi za ufundi stadi za mfumo wa VETA zikaingia.

Pale upimaji unapoonesha udhaifu, kishawishi cha kwanza ni kuongeza moduli nyingine. Vyuo vilivyokwenda mbali katika kazi hii hufanya kinyume: mkufunzi wa uhasibu hutengewa saa za kuwasikiliza wanachuo wakieleza mizania kwa sauti, na alama za maelezo hayo huingizwa kwenye somo lenyewe la uhasibu.