Nyamapori jikoni: uliza kabla hujawasha moto!

Kiboko, nyati, pofu, nguruwe pori... Rufiji na Kibiti ni nchi ya wali na samaki, lakini zipo siku sufuria hupata mgeni kutoka porini. Ni kitoweo cha sifa. Pia ni kitoweo kinachoweza kuvunja nyumba yako.

Mwambie rafiki yako wa Dar kwamba kuna watu wanakula kiboko, uone atakavyokukodolea macho. "Jamani, lile dude?" Ndiyo, lile lile. Dume lililoshiba linaweza kupita kilo 1,500, na nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe. Waliowahi kuionja watakuambia kwa mkato: nyama ya kiboko ni kiboko!

Tusidanganyane lakini. Chakula cha kila siku cha watu wa delta ni wali, samaki na kamba wa mikokoni. Mnyama wa porini huja kama bahati, na mara nyingi huanza kama balaa. Kiboko hutoka majini usiku kutafuta majani, na shamba la mpunga kwake ni karamu. Familia iliyolima miezi mitano inaamka asubuhi na kukuta nyayo na mabua. Akiuawa mnyama kama huyo, kwa wengi nyama yake huonekana kama fidia. Si unajua tena, kala chetu, nasi tumle!

Hata wageni waliokumbwa na njaa huku walimgeukia yeye. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, miaka miwili baada ya manowari ya Kijerumani Königsberg kuzamishwa ndani ya delta mwaka 1915, jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lilikuwa kando ya Rufiji chakula kikiwa haba. Baadaye aliandika katika kumbukumbu zake jinsi askari wake walivyokula kiboko na kuyathamini mafuta yake.

Nguruwe anayemwita simba

Yupo mnyama mwingine ambaye wengi huku hawamli, na bado anawasumbua kuliko wote: nguruwe pori. Wakazi wengi wa Rufiji na Kibiti ni Waislamu, kwa hiyo nyama yake ni haramu. Akiingia shambani kinachobaki ni kumfukuza tu, na ndiyo maana baba, mama na watoto huhamia kwenye dungu kulinda mpunga na mahindi usiku kucha.

Hapo ndipo hadithi inapokuwa nzito. Kati ya mwaka 2002 na 2004, simba mmoja Rufiji aliua watu wasiopungua 35 kabla hajauawa na askari wa wanyamapori. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Craig Packer walichapisha matokeo yao kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560. Waligundua kuwa mashambulizi ni mengi pale penye nguruwe pori wengi. Nguruwe anafuata mazao, simba anafuata nguruwe, na binadamu amelala katikati kwenye dungu la miti na nyasi. Kwa hiyo ukisikia mtu wa huku anamwinda mnyama, usifikirie tamaa ya nyama peke yake.

Ndoa na sufuria

Sasa tuje nyumbani kwako, dada. Tuseme umeolewa na mtu wa bara, yeye nguruwe pori anamla bila wasiwasi, wewe ni Mndengereko na umekulia madrasa. Mnafanyaje? Wanandoa wengi wamelimaliza hili kwa heshima tu. Kama anataka, akale nje, au awe na sufuria, kisu na sahani zake mwenyewe. Kumpikia mwenzio kwa siri kitu asichokula, halafu umwambie "si umekula, mbona hujafa?", huo si utani. Akishajua, hata wali wako mtupu atauogopa.

Kwa wanyama wengine swali ni jinsi walivyokufa. Nyati au pofu analiwa, lakini Mwislamu atataka kujua kama muuaji alitaja jina la Mungu, na kama mnyama aliwahiwa kuchinjwa. Kuhusu kiboko wenyewe masheikh hawana kauli moja, basi muulize unayemwamini kabla nyama haijafika mlangoni.

"Baba nanihii, imetoka wapi hii?"

Hili ndilo swali linalopaswa kutoka kwenye kinywa cha kila mpishi. Wanaume wanapenda sana kurudi usiku na kifurushi na kusema, "Mama, pika, usiulize." Uliza! Maana yeye ataingia na kutoka, wewe ndiye utakayebaki na moshi, harufu na mifupa. Askari wakigonga mlango, wa kwanza kuulizwa ni aliyekutwa na nyama.

Wengi wanadhani nyara za serikali ni pembe za ndovu na ngozi za chui tu. Sivyo. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama nayo ni nyara, iwe mbichi, iliyobanikwa au iliyoko kwenye mchuzi. Kuwa nayo bila kibali ni kosa, na kwa baadhi ya wanyama kifungo ni cha miaka 20 hadi 30. Halafu mahakamani kwa kawaida hupigwa thamani ya mnyama mzima, hata kama wewe ulikutwa na vipande vinne tu. Hebu piga hesabu: mtoto anayenyonya leo atakuwa ameshaoa siku unayotoka.

"Lakini huyo kiboko kauawa na askari wenyewe!" Sawa. Hata hivyo mnyama mharibifu akiuawa, mwenye kusema nyama igawiwe au izikwe ni mamlaka ya wanyamapori. Usijikatie. Subiri mgao uwe wa wazi, mbele ya uongozi wa kijiji.

Moto hauui kila kitu

Kuna na hatari isiyovaa sare. Mnyama aliyekutwa amekufa mwenyewe mtoni au porini, hata kama anaonekana mnono, mwache hapo hapo. Kimeta huua wanyama ghafla, na viboko ni miongoni mwa wanaoshambuliwa sana. Uganda ilipoteza mamia ya viboko kwa kimeta mwaka 2004 na 2005. Zambia, mwaka 2011, watu wengi waliugua baada ya kushika na kula nyama ya viboko waliokufa kwa ugonjwa huo, na wengine walifariki.

Vijidudu vya kimeta hujifungia kwenye ganda gumu linalohimili joto na ukame. Tena mpishi huambukizwa hata kabla ya kula, kupitia mchubuko mdogo mkononi wakati anakata nyama. Kwa hiyo ile kauli ya "itachemka vizuri tu" haitoshi. Mzoga hauguswi, hauchunwi. Toa taarifa kwa afisa mifugo au afisa wanyamapori.

Kula kwa raha

Je, ndiyo tuiache kabisa? Hapana! Tangu kanuni za mwaka 2020, serikali imeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nunua huko, dai stakabadhi, na uitunze mpaka nyama iishe. Wakazi wenye leseni ya uwindaji nao wanaweza kukuletea, mradi wakuonyeshe karatasi zao.

Ukiipata ya halali, jaribu hii kwa watu wanne au watano:

Nyati wa nazi na embe bichi

Mahitaji: kilo 1 ya nyama ya nyati, kipande cha papai bichi, kipande cha tangawizi, vitunguu maji 2, vitunguu saumu punje 5, nyanya 3, embe bichi 1, tui jepesi vikombe 2, tui zito kikombe 1, pilipili manga na chumvi.

1. Katakata nyama vipande vidogo. Twanga papai, tangawizi na kitunguu saumu, paka kwenye nyama, acha saa moja. Usilaze usiku kucha, papai litaifanya rojo.

2. Bandika na maji, chemsha kwa moto mdogo saa mbili au zaidi. Nyamapori haina mafuta mengi, ukiiharakisha inakuwa kama kandambili.

3. Ikilainika, tia vitunguu, nyanya, chumvi na pilipili manga. Maji yakikauka, mimina tui jepesi.

4. Tia vipande vya embe, kisha tui zito. Koroga taratibu mpaka lichemke, epua.

Pakua na wali wa mpunga mpya wa Rufiji, pembeni pilipili mbuzi. Kama nyama ilibanikwa, iloweke na kuiosha kwanza ili moshi upungue.

Mwisho wa yote, dada, jiko ni lako na una haki ya kukataa kuliwasha. Siku atakapokuja na kifurushi kisichokuwa na maelezo, usigombane naye. Mwambie kwa upole: stakabadhi kwanza, kitunguu baadaye. Akinuna, mpikie kambale.