Ukimtembelea mwanao Brussels, usikose makaburi saba

Mzazi aliyetoka Kaniama kumwona mwanawe Brussels anaweza kuanzia Matonge, mtaa wenye jina la Kinshasa, anakokuta hata sombe. Karibu na hapo pana uwanja wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa 30 Juni 2018.

Kisha tramu namba 44 hupita msituni hadi Tervuren, penye makumbusho ya Afrika. Humo vimo viti vya machifu wa Kiluba, vitu vya nyumbani kabisa.

Lakini pazito zaidi ni nje, kando ya kanisa la mji. Wamelala hapo Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Walikufa 1897, miongoni mwa Wakongomani 267 ambao Leopold II aliwaleta waonyeshwe kwa Wabelgiji. Kama siku ni moja tu, punguzeni picha za Grand-Place, mfike hapo kabla giza halijaingia.