Somo la Historia Linahitaji Watafiti Wake

Kabla ya Mlimani palikuwa na Mnazi Mmoja. Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilifunguliwa huko Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU, kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wachache mno. Kilihamia kampasi ya Mlimani mwaka 1964, na huko ndiko insia, yaani historia, lugha, fasihi na falsafa, zilikopata sifa yake. Taifa changa lilitaka kujua limetoka wapi, na chuo kikatuma watu wakaulize. Wanafunzi wa historia walikwenda kusini mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwahoji wazee walioikumbuka Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Isaria Kimambo na Arnold Temu wakahariri historia ya Tanzania iliyotoka 1969, na wataalamu wa Kiswahili wakatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Kazi hizo zilizaliwa na swali la taifa lililoambatana na muda na nauli ya kwenda kulitafutia jibu.

Leo swali limerudi, nauli haijarudi. Mitaala mipya ya shule, iliyoanza kutekelezwa 2024, ina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ufadhili wa serikali wa masomo ya chuo kikuu, uitwao Samia, kwa upande wake, unawalenga waliofaulu vizuri masomo ya sayansi. Siulaumu, maana nchi inahitaji madaktari na wahandisi. Lakini mwalimu wa somo hilo jipya atafundisha nini, kama hakuna anayelipwa kutafiti yale ambayo bado hayajaandikwa? Atarudia vitabu vya miaka hamsini iliyopita, na vingi kati ya hivyo viliandikwa kwa Kiingereza.

Wapo wanaosema insia zisubiri, kwa kuwa hazijengi barabara wala hazitibu. Tazama Kariakoo, ambako ghorofa liliporomoka Novemba 2024 na kuua watu. Mhandisi anaweza kueleza kwa nini jengo halikuhimili. Namna nyumba za chini za Waswahili zilivyogeuka maghorofa ya biashara, nani aliuza kiwanja, nani alihamishwa na nani aliyeogopa kulalamika, hayo yanahitaji mtafiti aketi na wenyeji na kupekua majalada. Wengine wanahofu kwamba utafiti wa Kiswahili hautasomwa ng'ambo. Basi uchapwe kwa lugha mbili, mradi mhadhiri apandishwe cheo kwa kazi ya Kiswahili sawasawa na ile ya Kiingereza.

La haraka zaidi ni umri. Wanafunzi wale waliwafikia wazee wa Maji Maji takriban miaka sitini baada ya vita. Tangu uhuru wa 1961, miaka sitini imekwisha kupita, na waliokuwa watu wazima siku ile wako ukingoni mwa maisha yao. Sehemu ya ufadhili wa serikali itengewe wanafunzi wa uzamili wa historia na lugha, wapewe vinasa sauti, na waanze na wazee wa Kariakoo, Gerezani na Ilala mwaka huu.