Kuoza kwa Majani Katika Misitu ya Miombo

Misitu ya miombo, iliyoenea sehemu kubwa ya magharibi na kusini mwa Tanzania, hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ifikapo Agosti, ardhi huwa imefunikwa na tabaka la majani makavu. Kwa mtazamaji, tabaka hilo ni takataka tu. Kumbe ndilo akiba ya chakula cha miti. Udongo wa miombo kwa kawaida ni hafifu, na msitu hutegemea sana virutubisho vinavyorudi ardhini majani yanapooza.

Kuoza ni kazi ya viumbe hai, hasa kuvu na bakteria, nao huhitaji joto na unyevu. Wakati wa kiangazi joto lipo, lakini maji hayapo. Kwa hiyo jani lililoanguka Julai huweza kukaa hadi Novemba likiwa karibu zima. Mvua zinapoanza, maji huosha kwanza potasiamu na sukari. Kisha kuvu na bakteria hushambulia selulosi. Lignini, inayoupa mti ugumu wake, huchelewa kuoza kuliko vyote.

Mchwa, hata hivyo, hawangoji mvua. Wao hujenga vijia vya udongo wenye unyevu, huchukua majani makavu hata kiangazini, na baadhi yao huyatumia kuoteshea kuvu ndani ya kichuguu. Hivyo rutuba nyingi hukusanyika vichuguuni.

Je, miti yenyewe ina athari gani? Kivuli chake hupunguza joto la ardhi na kasi ya maji kukauka. Baada ya mvua kukatika, majani yaliyo chini ya miti hubaki na unyevu kwa muda mrefu kuliko yaliyo mahali peupe, na siku za kuoza huongezeka. Ni kweli kwamba jua kali huweza kuivunja lignini kidogo kidogo. Lakini jua halirutubishi udongo kama viumbe wanavyofanya.

Moto huvunja mzunguko huu. Majani yanapoungua, sehemu kubwa ya naitrojeni hupotea hewani. Majivu hubaki na kalisi na fosforasi, ambazo upepo na mvua huweza kuzichukua. Moto wa mwisho wa kiangazi ndio mbaya zaidi, kwa kuwa kila kitu kimekauka. Karibu na Ndola, nchini Zambia, majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1933 yalionyesha kuwa msitu unaochomwa hivyo kila mwaka hugeuka kuwa mbuga ya nyasi.

Wanafunzi wanaweza kuchunguza jambo hili wenyewe. Washone vifuko vya chandarua, na katika kila kimoja watie gramu 10 za majani makavu ya aina moja. Mvua zinapoanza, waweke nusu ya vifuko chini ya miti na nusu mahali peupe. Kila mwezi wachukue viwili kutoka kila upande, waondoe udongo, wayakaushe majani na kuyapima. Uzito uliopungua ndio kipimo cha kuoza.

Anayekata miti kwa ajili ya mkaa au kukaushia tumbaku haondoi magogo tu. Huondoa pia kivuli kinachoyasaidia majani kurudi kuwa udongo, na shamba litakalolimwa hapo baadaye hurithi upungufu huo.