Ada Haingoji Mnada wa Kahawa

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu hufunguliwa katikati ya mwaka, miezi ileile ambayo Mkumbi na vijiji vingine vya milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, vinachuma kahawa. Kijana aliyemaliza kidato cha sita asubuhi yuko shambani, mchana yuko kwa mtendaji wa kijiji akisubiri sahihi na muhuri, kesho yake anapanda gari kwenda Mbinga mjini, kwenye steshenari, kupakia nyaraka zake na kufuatilia uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kutoka kwa wakala wa usajili, RITA. Nyumbani mzazi anapiga hesabu. Mkopo ukitoka, kahawa italipa deni la mbolea na kubakiza kidogo. Usipotoka, kahawa yote ni ada. Jibu huja karibu na Oktoba, vyuo vikianza kufunguliwa, na mara nyingi malipo ya mnada yanayopitia chama cha ushirika cha wakulima, AMCOS, hayajakamilika.

Wahasibu wa vyuo vikuu nao wanapiga hesabu hiyohiyo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hupeleka sehemu ya ada moja kwa moja chuoni na kumpa mwanafunzi fedha za kujikimu, lile bumu ambalo tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500. Kwa chuo kisichopata ruzuku ya mishahara kutoka serikalini, malipo hayo ya Bodi ni sehemu kubwa ya uhai wake. Bajeti ya mikopo imekua, kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21 hadi bilioni 787 mwaka 2024/25, na hilo ni jema. Lakini kukua kwa bajeti hakumwambii mkuu wa chuo ni wanafunzi wangapi kati ya aliowadahili watapangiwa mkopo, wala kozi zipi zitapewa kipaumbele mwaka ujao. Mwaka 2016, kwa mfano, idadi ya wanafunzi wapya waliopata mikopo ilishuka sana ikilinganishwa na mwaka uliotangulia.

Mkoa wa Ruvuma unajua kwa uchungu kuliko mikoa mingi jinsi uamuzi mmoja wa juu unavyoweza kukikosesha chuo wanafunzi. Songea, kilomita kama 100 kutoka Mbinga, ilikuwa imeanza kuwa mji wa vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph kilikuwa na vyuo vishiriki viwili, cha kilimo na cha teknolojia ya habari. Februari 2016 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilivifutia vibali kwa dosari za ubora na uendeshaji, na wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine nchini. Julai 2017, baada ya uhakiki wa nchi nzima, TCU ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22. Miongoni mwa hivyo 19 kilikuwamo AJUCO, chuo kishiriki cha Mtakatifu Agustino kilichobeba jina la Askofu Mkuu James Komba wa Songea. Leo AJUCO hakimo kwenye orodha ya vyuo vinavyodahili.

Sina ugomvi na TCU kudai ubora. Shahada isiyo na mwalimu nyuma yake ni hasara kwa aliyeilipia. Hoja yangu ni ya kibiashara. Chuo kinachoishi kwa ada, kikikosa mwaka mmoja wa udahili, pengo lake halizibwi mwaka unaofuata. Darasa lililokosekana mwaka wa kwanza litakosekana mwaka wa pili na wa tatu, na mishahara, umeme na madeni ya majengo havipungui kwa kufuata idadi ya wanafunzi. Chuo kikubwa chenye wanafunzi elfu kumi kinaweza kuyumba na kusimama. Kidogo, chenye kozi mbili tatu, huzuiwa kurekebisha dosari na wakati huohuo hunyimwa fedha za kuzirekebishia. Pamoja nacho huanguka wenye vyumba vya kupanga, mama lishe na wenye mashine za kutoa kopi.

Vyuo vilivyobaki vimejifunza kujihami, kila kimoja kwa njia yake. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha 1994, kina kituo Songea na hakihitaji bweni. Mwalimu wa shule ya msingi Mbamba Bay anasoma huku akiendelea kupokea mshahara. Hata hivyo sera ilikigusa nacho: kozi yake ya msingi, iliyowafungulia mlango waliokosa vigezo, ilisimamishwa 2016 na baadaye ikarudishwa. Chuo cha Uhasibu Arusha kimefungua kampasi Songea, na astashahada, stashahada na shahada zinafundishwa chini ya paa moja, kwa hiyo ngazi moja ikipungukiwa wanafunzi nyingine inabeba. Makerere, nchini Uganda, ilikwenda mbali zaidi tangu mapema miaka ya 1990: serikali ilipobana mkoba, chuo kikawafungulia mlango wanafunzi wa kujilipia na kuanzisha masomo ya jioni, hadi wakawa wengi kuliko waliolipiwa na serikali. Kenya nayo ilibadili mfumo wake wote wa kugharimia vyuo vikuu Mei 2023, mkopo na ufadhili vikapangwa kwa madaraja ya kipato cha familia, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaubatilisha mfumo huo huku wanafunzi wakiwa tayari madarasani.

Njia nyingine ni miradi ya wafadhili, na Mbinga ina mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Kuanzia 1999 hadi 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, kiliendesha kituo cha maendeleo endelevu vijijini, na kijiji cha Kindimba kikawa mojawapo ya maeneo yake ya kazi. Watafiti walisoma kilimo cha ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usiporomoke kwenye miteremko mikali, na kijijini kikajengwa kinu cha kusaga kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji. Usimamizi ulikabidhiwa kamati iliyochukua jina la sengu, kikao cha Wamatengo cha kula na kushauriana pamoja. Naupenda mpango huo kwa sababu fedha za mradi zina tarehe ya mwisho, na waliopanga walijua nani atabaki na kinu siku hiyo ikifika.

Swali hilo, la nani atabeba mzigo fedha za mradi zikiisha, linauhusu sasa mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021 kwa miaka mitano, unaojenga kampasi hata katika mikoa iliyokuwa haina chuo kikuu cha umma, kama Lindi na Kagera. Majengo yatakamilika. Wahadhiri, maabara na umeme wa kila mwezi vitalipwa na bajeti ya kawaida, ileile inayopangwa upya kila Juni.

Kuna mambo yanayowezekana bila kungoja bajeti kubwa. Bodi inaweza kutangaza kozi za kipaumbele kwa miaka mitatu mbele. Vyuo vinavyopokea vijana wa Mbinga na Nyasa vinaweza kukubali barua ya AMCOS inayothibitisha kilo zilizopokelewa, mtoto akasajiliwa Oktoba na awamu ya kwanza ya ada ikalipwa malipo ya mnada yakishatoka.

Na muda wa kujipanga upo, ila si mwingi. Chini ya sera mpya ya elimu, inayofupisha shule ya msingi hadi miaka sita, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza shule ya msingi pamoja mwaka 2027 na kuingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Muundo wa sekondari ukibaki kama ulivyo, kundi hilo maradufu litafika milango ya vyuo vikuu mwishoni mwa 2034. Kahawa mpya huchukua kama miaka mitatu hadi kuanza kuzaa. Anayetaka kumsomesha wa darasa la sita na wa la saba kwa pamoja anapaswa kujua mapema ni miche mingapi ya kuongeza, na chuo kinachomsubiri kijue ni wahadhiri wangapi wa kuanza kuwasomesha leo.