Unapanga Kempingi Ukambani? Hesabu Maji Kabla ya Kiberiti

Long weekend ikikaribia, squad nyingi za Nairobi siku hizi zinaangalia upande wa Ukambani. Wengine wanashika treni ya SGR hadi Emali ama Kibwezi, ndio wapande Chyulu Hills huko Makueni. Wengine wanaenda Kitui kupanda jiwe la Nzambani, lile lenye story kwamba ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia. Popote mtapiga tenti, giza likiingia lazima mmoja aseme: "Wasee, tuwashe moto."

Poa. Lakini kabla kiberiti kitoke mfukoni, jibuni swali moja: tutauzima na nini?

Chyulu ni milima ya volkeno. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwa mawe na kupotea chini, kwa hivyo huko juu hakuna mto wa kukimbilia. Yanakuja kutokea mbali, kwa chemchemi kama Umani pale Kibwezi na Mzima ndani ya Tsavo Magharibi. Na hiyo Mzima ndiyo inapeleka maji ya bomba hadi Mombasa. Ukichoma Chyulu unachezea pia mfereji wa msee wa Mombasa. Kitui nayo, mito mingi ni ya msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni mchanga mtupu, nyasi zimekauka na upepo uko juu.

Usidhani moto wa kupikia ni kitu kidogo. Oktoba 2020 Kilimanjaro iliwaka kwa siku kadhaa, na wakuu wa mbuga za Tanzania walisema moto ulionekana kuanzia pale wapagazi walikuwa wakipasha chakula cha wageni.

Rada ni hii:

1. Omba ruhusa. Ndani ya mbuga ya Chyulu, ongea na KWS. Kwa misitu ya umma, Sheria ya Misitu ya 2016 inakataza kuwasha moto bila idhini. Kwa shamba la mtu, muulize mwenyewe. Mzee wa hapo anajua upepo wa kwao kukuliko.

2. Chagua mahali. Kama kuna shimo la moto tayari, tumia hilo. Kama hakuna, tafuta udongo mtupu na ufagie nyasi na majani hadi mita tatu kila upande. Kusiwe na matawi juu. Tenti zikae mbali, upande ule upepo unatokea, ndio cheche zisizifikie. Mchanga wa mto mkavu unakaa fiti kwa moto, lakini msilale hapo. Mvua ikinyesha huko juu, mto unaweza kushuka usiku na kwenu nyota zinaonekana.

3. Weka moto mdogo. Ukifika magotini inatosha kuchoma nyama na kupiga story. Petroli hapana, manze. Mawe yaliyolowa maji pia usizungushie moto, yanaweza kupasuka na kurusha vipande. Upepo ukiwa mkali, sahau moto kabisa, chemsha chai na meko ya gesi.

4. Mshikaki si kila kijiti. Wakamba wa zamani walijulikana kwa sumu ya mishale, na sumu hiyo ilichemshwa kutoka kwa mti unaomea porini, ule wataalamu wanauita Acokanthera. Usikate tawi usilolijua ukachomee nyama. Beba vyuma vyako kutoka nyumbani.

5. Zima na maji. Hapa ndipo wengi huchoma. Wanafunika makaa na mchanga, wanaenda kulala. Mchanga unaficha tu joto. Makaa yanabaki hai hapo chini, na asubuhi mtu anakanyaga bila viatu, ama upepo unafukua cheche. Acheni kuongeza kuni saa moja kabla ya kulala. Mwaga maji, koroga jivu na kijiti, mwaga tena. Kisha leta mgongo wa mkono karibu na jivu. Ukisikia joto, bado. Mtungi wa lita 20 utengwe kwa kazi hii pekee, usiguswe na wa kuosha vyombo.

6. Jiko la makaa lisiingie kwa tenti. Usiku wa Julai huko juu ni baridi, na mtu atashawishika. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Beba blanketi la ziada.

Kwa hivyo mkichanga pesa ya mafuta na mbuzi, ongezeni ya mitungi. Na kama gari imejaa hadi maji yamekosa nafasi, moto nao umekosa nafasi. Tochi na spika zitawatosha usiku huo.